Kibanda cha Mama Baridi

4 Machi

Nimefika. Lami ilikata tamaa asubuhi, vumbi likatupokea, na jioni vumbi likatukabidhi kwenye lango la kituo cha afya. Dereva anaitwa Breki. Nilidhani ni kwa ajili ya uangalifu wake.

"Hapana, Daktari," akasema. "Gari halina. Mimi ndiye hiyo breki."

Chumba changu kiko nyuma ya kituo: kitanda, meza ya miguu mitatu na tofali, dirisha linalotazama tanuri la kuchomea taka. Muuguzi wa hapa, ambaye kila mtu anamwita Sista, alinionyesha ndoo ya kuogea kisha akaniuliza nimekuja kujifunza au kuwafunza.

"Kujifunza, dada."

"Haya. Wote husema hivyo wiki ya kwanza."

Nitakaa hapa msimu mzima wa mvua, ndipo Mkuu wa afya wa wilaya aandike kama nafaa kuitwa daktari wa afya ya jamii au nirudie mwaka. Mwalimu wetu alikuwa akisema daktari wa hospitali humtibu mtu, sisi tunautibu mji. Mama kapiga simu kuuliza kama kuna nyoka. Nimemwambia nyoka sijamwona, ila nimemwona Sista.

7 Machi

Leo nimezunguka soko. Katikati yake kuna kibanda cha mabati cha mwanamke wanayemwita Mama Baridi, mjane, mnene, mwenye sauti ya kuita watu waliovuka mto. Anauza juisi ya nanasi na pasheni kutoka kwenye friji inayokula betri ya gari. Hakuna anayepita pale bila kusimama. Nami nilisimama.

"Wewe ndiye daktari mpya?"

"Ndimi, mama."

"Mbona mwembamba? Daktari mwembamba anatutia wasiwasi sisi wagonjwa. Kunywa."

"Shilingi ngapi?"

"Kunywa kwanza, mwanangu. Bei haina miguu."

Pembeni yake hukaa bibi wa rika lake kwenye kiti cha plastiki, mama yake fundi baiskeli. Wanamwita Bi Mkubwa. Kazi yake ni kukosoa wateja. Mimi aliniambia viatu vyangu ni vya mtu asiyejua anakokwenda. Mama Baridi akamwambia anyamaze, naye akajibu anyamaze kwanza mwenye mdomo mkubwa, na nikaambiwa wamekuwa hivyo tangu wakiwa wasichana.

9 Machi

Juisi. Joto. Juisi.

12 Machi

Nimefanya jambo. Pipa la bluu lenye bomba, limesimamishwa kwenye kigoda sokoni, hatua chache tu kutoka kwa Mama Baridi kwa kuwa ndipo watu walipo. Sabuni imening'inizwa kwenye wavu. Nilihutubia kwa kipaza sauti cha kituo: nawa mikono, maji haya ni salama, afya iko mikononi mwako. Walipiga makofi. Nakiri makofi ni matamu.

Mchota maji, mwenye mkokoteni na madumu, aliniuliza, "Nitoe kisimani au pale mtoni? Kisima kiko mlimani, Daktari, na mgongo ndio huu."

"Ya kunawa tu hayo, baba. Toa popote palipo karibu."

Klorini ya kutia imekwisha stoo. Nimeagiza. Nilimtumia Mkuu picha ya pipa, akajibu kwa kidole gumba na neno moja: Safi. Watu wameshalipatia jina: pipa la daktari. Nimepita mbele yake mara nyingi leo kuliko kazi ilivyohitaji.

15 Machi

Mvua ya kwanza. Bati la chumba changu lina mambo mengi ya kusema.

18 Machi

Mvua. Mto una rangi ya chai ya maziwa. Wagonjwa wa kuhara, watu wazima. Sista anasema kila mvua huwaleta. Nikamwambia "kila mvua" si maelezo ya kisayansi. Aliniangalia kama Bi Mkubwa alivyoviangalia viatu vyangu.

20 Machi

Vitanda vimejaa, wengine wako kwenye mikeka ukumbini, dripu zimefungwa kwenye misumari. Nimewauliza wote: ulikula nini, ulikunywa nini, wapi? Wa kwanza akasema juisi kwa Mama Baridi. Wa pili, juisi kwa Mama Baridi. Hadi mchana nilikuwa sisubiri tena jibu, nawauliza, "Na juisi je?" na wao wanaitikia kwa kichwa hata kabla sijamaliza.

Nilifurahi. Watu wamelala wamekunja magoti na mimi nimesimama katikati yao nimefurahi. Chuoni tulisomeshwa kwamba siku moja katika maisha yako utakiona chanzo wazi mbele ya macho yako, ukifunge, na ugonjwa usimame. Nilijiambia siku yangu imewahi.

22 Machi

Bi Mkubwa amefariki alfajiri ukumbini kwetu. Jana aliletwa na mwanawe, fundi baiskeli, kwenye baiskeli, amemfunga kwa kitenge mgongoni asianguke. Hakuweza kusema. Sikuwahi kumuuliza chochote. Alikuwa akishinda kibandani, nikamweka upande wa juisi.

Baada ya hapo sikutaka kungoja. Nilichukua kipaza sauti nikaenda sokoni pamoja na Breki na mtendaji wa kata. Mama Baridi alikuwa amefunga nusu ya dirisha kwa sababu ya msiba, analia huku anaosha glasi. Nilisimama kwenye kreti. Nikasema tumechunguza, tumethibitisha, ugonjwa huu umetoka kwenye juisi ya kibanda hiki, na kuanzia sasa kimefungwa kwa amri ya afya.

Nilisema "tumethibitisha." Sampuli zilikuwa bado zimo kwenye boksi, zikimsubiri Breki azipeleke mjini, na majibu ya huko huchukua muda mrefu kuliko ugonjwa.

Watu walirudi hatua nyuma. Kisha mtu akasema, si kwa sauti kubwa, "Kumbe ndiye aliyemuua mwenzake."

Mama Baridi alitoka amebeba glasi mkononi. Hakupiga kelele, na hilo ndilo lililonishtua.

"Mwanangu," akasema, "kwangu unapajua. Si ungekuja kuniambia nyumbani kwanza?"

Nikamjibu, kwenye kipaza sauti, sijui kwa nini sikukishusha: "Mama, afya ya jamii haibishi hodi."

Watu wakacheka. Maneno mazuri yana ubaya wake: ukishayasema unatamani kuyarudia. Nilipokuwa naondoka nikasikia glasi zikivunjwa nyuma yangu. Sikugeuka.

23 Machi

Mazishi. Mama Baridi alikuja na gauni jeusi na sufuria kichwani, kama kila jirani. Fundi baiskeli alimkuta mlangoni.

"Rudi na chakula chako."

"Baba, mimi na mama yako—"

"Nakujua wewe na mama yangu. Nimesema rudi."

Nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha mbele, kiti cha wageni wa heshima. Mama Baridi alinipita. Kifuniko cha sufuria kilikuwa kinagonga kwa kila hatua yake, nikawa nakisikia hata alipokwisha kupotea kwenye kona. Nilitazama viatu vyangu.

27 Machi

Jua tangu juzi. Wagonjwa wamepungua, mikeka imekunjwa. Mkuu amepiga simu: "Umefanya kazi ya mtu mzima." Atakuja kuniona Aprili. Mama naye kapiga. Keshawaambia majirani kwamba bintiye ameukamata ugonjwa kwa mikono. Nilimwambia asitie chumvi. Akasema chumvi ni yake na binti ni wake.

28 Machi

Nimepita kibandani. Mtu ameandika SUMU kwa mkaa kwenye bati. Mwandiko mzuri.

30 Machi

Kimya. Sista ananiita "Daktari" bila ule mzaha wa zamani, na nimegundua niliupenda.

2 Aprili

Mvua imerudi na hasira.

4 Aprili

Wagonjwa wapya. Nimewauliza juisi, wakanitazama kama mtu anayeuliza habari za marehemu. Kibanda kimefungwa tangu lini? Hakuna juisi mji huu. Nikamwambia Sista labda Mama Baridi anauza kwa siri nyumbani.

"Labda," akasema Sista, na akaenda kubadilisha dripu.

Mtu akisema "labda" kwa namna ile, ni heri akutukane.

6 Aprili

Tulikuwa tunatoka kugawa dawa na Breki, gari limekwama topeni, tunangoja watu wa kulisukuma. Akasema:

"Daktari, nina swali la mtu asiyesoma."

"Uliza."

"Mimi nilikuwa nakunywa ile juisi asubuhi na jioni. Wewe nawe, nilikuwa nakuona, ulikuwa hulali bila kuipitia. Mbona matumbo yetu hayakufanya lolote? Au juisi inaheshimu watumishi wa serikali?"

Nilicheka. Kisha sikucheka.

Niliwauliza wagonjwa wote walikunywa nini. Wazima sikuwauliza hata mmoja. Na ni somo la mwaka wa kwanza hili, somo ambalo niliwahi kuwafundisha wenzangu ubaoni: ukiwauliza wagonjwa peke yao, watakwambia wote wanavuta hewa. Mji mzima unakunywa kwa Mama Baridi; kwa hiyo wagonjwa wa mji huo wamekunywa kwa Mama Baridi. Na mzima aliyepaswa kuulizwa kwanza nilikuwa mimi. Sikujihesabu. Nadhani sikuwa najihesabu kuwa ni mtu wa mji huu.

"Nyani, Daktari," alisema Breki, akitazama tope, "kuna sehemu yake moja haoni." Akaikata hapo, kwa heshima.

7 Aprili

Nimeshinda sokoni nikiwauliza wazima. Muuza chumvi: juisi ndiyo, kila siku, tumbo safi. Kinyozi: vivyo hivyo. Mshona viatu: "Ningeinywa hata leo mngekuwa hamjamfunga yule mama." Nikawa nauliza na mengine, ndipo nikamkuta muuza mkaa, mwanamke aliyelala kwenye mkeka wetu mara mbili.

"Maji ya kunywa unatoa wapi ukiwa hapa?"

"Si hapo," akanyoosha kidole. "Pipani kwako."

Nikaligeukia pipa. Kwenye bomba palikuwa na kikombe cha bati, kimefungwa kwa kamba kwa ustadi, na mdomo wake umeng'aa kwa kutumika.

"Dada, lile ni la kunawia."

"Tunanawa pia. Lakini wewe mwenyewe ulisema kwa sauti, maji haya ni salama. Sasa mtu atapanda mlima kwenda kisimani, na maji salama ya daktari yako hapa?"

Mchota maji alikuwa anakuja na mkokoteni. Sikuhitaji kumuuliza, lakini nilimuuliza. Akasema mtoni, Daktari, kama ulivyonielekeza, tena siku za mvua ni rahisi, maji yanafika karibu kabisa, yanapita hapo chini ya vyoo vya soko. Alisema kwa furaha ya mtu anayesifia kazi.

Klorini ilifika wiki iliyopita. Iko stoo, boksi halijafunguliwa. Ya kunawa tu hayo.

8 Aprili

Mkuu amekuja. Ni mtu mwenye macho ya kuchoka na shati lililopigwa pasi vizuri. Si mtu mbaya. Nilimweleza yote, nimesimama. Alisikiliza, akasafisha miwani, akaivaa.

"Liondoe pipa leo. Tia klorini, mpeleke mchota maji kisimani, mlipe zaidi. Ugonjwa utaisha."

"Na Mama Baridi?"

"Mruhusu afungue baada ya mwezi. Sema amekaguliwa, amejirekebisha."

"Hana cha kujirekebisha, mzee."

"Binti yangu, nisikilize. Hapa watu walikataa chanjo miaka mingi. Tumewabembeleza mpaka wakatuamini. Ukisimama sokoni useme daktari ndiye aliyewapa ugonjwa, mwakani nitakuja na chanjo watanirudisha kwa mawe. Unataka kumsafisha mtu mmoja kwa gharama ya watoto wangapi?"

Ubaya wa hoja yake ni kwamba ina akili. Ubaya wangu ni kwamba niliifurahia, kama mtu aliyefunguliwa mlango wa nyuma.

"Ripoti yako nitaisaini mwisho wa msimu," akasema. "Usinipe sababu ya kuisoma mara mbili."

9 Aprili

Pipa limeondoka, na klorini imeanza kutiwa kwenye madumu. Muuza mkaa alinisaidia kuliinua pipa akidhani nakwenda kulisafisha. Akaniambia asante kwa kutujali.

10 Aprili

Leo sikusema.

11 Aprili

Leo pia. Nilimwona Mama Baridi akipanda mlimani na dumu kichwani, amepita njia ya nyuma, ya mbuzi, asikutane na watu. Nilijificha nyuma ya tanuri la taka. Mimi, daktari wa mji, nyuma ya tanuri.

12 Aprili

Wagonjwa wawili tu, na wanapona. Dawa imefanya kazi. Sista amefagia ukumbi akiimba. Mama yangu kanitumia ujumbe kwamba jirani anauliza kama nitamtibu mguu, kwa kuwa mimi ni yule daktari. Nilikaa na simu mkononi nikiona haya kwa namna ambayo sikuwahi kuijua: si uso kuwaka moto, ni kutotaka kuonekana na kitanda.

Nimejaribu hoja ya Mkuu kila upande. Watoto wa chanjo ni kweli. Lakini nimegundua kila ninapowataja watoto wale, ninayemwona akilini ni mimi nikipokea cheti.

13 Aprili

Nimekwenda kwake. Nyumba ya vyumba viwili, friji imesimamishwa sebuleni, mlango wake uko wazi na ndani zimekunjwa nguo. Nilibisha hodi. Akajibu kutoka ndani: "Kumbe unajua kubisha."

Nikamwambia yote. Pipa, mto, mchota maji, klorini, Mkuu. Nilipofika "naomba unisamehe mama" sauti ilinitoka nyembamba kama ya mtoto anayetaka kuandikiwa ruhusa ya kutokwenda shule.

Hakulia wala hakufoka. Alikuwa anachambua maharage, akaendelea kuchambua.

"Nani mwingine anajua?"

"Mkuu. Sista nadhani anakisia. Breki."

"Na wewe unataka kufanya nini?"

"Kesho nitachukua kipaza sauti niende sokoni nitangaze."

"Uongee juu ya kreti, watu wapige makofi, waseme tazama daktari jasiri." Akatupa jiwe dogo nje ya mlango. "Hapana. Makofi umeshapata ya kutosha. Hawa watu hawakunifungia soko, mwanangu. Walinifungia milango, mmoja mmoja. Utakwenda mlango kwa mlango, na mimi nikiwa nyuma yako, na utasema bila hicho chombo chako."

"Maji yakimwagika, mama..."

"Najua hayazoleki. Lakini aliyeyamwaga anaweza kupiga deki. Kesho asubuhi. Vaa viatu vya kutembelea."

14 Aprili

Tulianza asubuhi, manyunyu. Hodi, karibu, shikamoo, kisha mimi kusema. Nilikuwa nimejitayarishia hotuba yenye "kwa bahati mbaya" na "ilibainika". Nyumba ya kwanza Mama Baridi alinikatiza.

"Ilibainika ndiye nani? Sema mimi."

Nikasema mimi. Maji niliyowaambia ni salama yalikuwa ya mto. Niliagiza mimi. Juisi haikuwa na kosa. Nilimsingizia.

Muuza mkaa alinisikiliza mpaka mwisho, akageukia mumewe. "Umesikia? Tumelala kwenye mikeka yao kwa maji yao, na mimi nikamsaidia kubeba pipa!" Akacheka cheko kali lisilo na raha. "Sasa wewe ni daktari wa kututibu au wa kutuharisha?"

"Nipo hapa kwa hilo la pili, dada."

Kinyozi alisema hatachanjwa tena na mtu yeyote maisha yake yote. Nikawaza Mkuu hakukosea. Mshona viatu, jirani yake, akamwambia, "Hujawahi kuchanjwa hata mara moja, acha kujipa cheo." Wakaanza kubishana, tukawaacha. Mtendaji wa kata alitusikiliza dirishani na hakufungua mlango. Katika nyumba zilizobaki walisema, karibu zote, kwamba wao tangu mwanzo walijua si yeye. Kila mtu alijua. Sijui ni nani basi aliyevunja zile glasi.

Mama Baridi hakumjibu hata mmoja. Alisimama tu pale, ili wamwone, na wao wakimpa mkono anaupokea. Miguu ilikuwa inamuuma. Kila baada ya nyumba aliegemea ukuta. Nilipomwambia tupumzike akasema yeye hakupewa mapumziko.

Fundi baiskeli tulimwacha wa mwisho, Mama Baridi alitaka hivyo. Tulimkuta barazani anaziba tundu la mpira kwenye beseni la maji. Hakuinuka. Nilisema. Akasema, "Rudia." Nikarudia. Maji ya beseni yalikuwa yanatoa mapovu, naye anayatazama mapovu.

"Kwa hiyo mama yangu ameuawa na pipa lako."

"Ndiyo."

Nilingoja kofi. Lakini alikuwa amemgeukia Mama Baridi.

"Shangazi. Yeye na sukari yake ile. Niliposikia ni juisi, nilisema basi ulikuwa unampa kwa kificho. Nilimkataza kila siku, na wewe nilikukataza. Nilisema umemuua kwa kumdekeza."

Bi Mkubwa alikuwa na ugonjwa wa sukari. Hakuwa anakunywa juisi. Mtu pekee aliyekufa ndiye pekee ambaye swali langu la kipumbavu, kama ningeliuliza nyumbani kwake, lingejibiwa papo hapo.

"Hata tone, baba," alisema Mama Baridi. Sauti ya kuita watu ng'ambo ya mto ilikuwa imekwisha. "Aliniomba kila siku ya Mungu, nikamnyima. Nikamwambia kanywe maji ya daktari pale, ndiyo mazuri. Amekufa ameninunia."

Fundi baiskeli aliinuka. Alijifuta mikono kwenye suruali, mbele na nyuma, muda mrefu kuliko uchafu uliokuwapo. Kisha akamshika mkono yule mama, akampandisha ngazi taratibu, akafungua mlango, wakaingia.

Nilikuwa nyuma yao. Nilikuwa nimeweka mguu kwenye ngazi ya kwanza alipogeuka. Aliurudisha mlango, bila kuubamiza, kama unavyourudisha upepo usiingie.

Ndani nilisikia kilio chake na kilio cha Mama Baridi, vikapishana, vikawa kimoja. Manyunyu yakageuka mvua. Baraza lilikuwa na nafasi ya kusimama na mtu asilowe, lakini ni baraza la watu. Nikasimama uani.